Upele Ulioanzia Kwenye Ini

Mtoto ana siku nne. Jana asubuhi muuguzi alimtoa kanula mkononi, akabandua na plasta iliyokuwa imeishikilia. Leo mama anamfungua nguo ili amnyonyeshe, anakuta pale pale palipokuwa na plasta pamejaa vipele vidogo vyenye kichwa cheupe, vimefuata umbo la plasta kana kwamba mtu kavichora kwa rula. Mashavuni navyo vipo, tena vingi zaidi, na vingine vimeshaanza kukauka na kufanya kigaga. Homa hana. Ananyonya, ingawa kwa uvivu kidogo.

Kila aliyemo chumbani ana jina la kuvipa. Bibi anasema harara, maana chumba kina joto na mtoto kafunikwa khanga mbili. Mama anailaumu plasta. Muuguzi wa zamu anawaza bakteria wa ngozi, na hakosei kuwaza hivyo, kwa sababu kichanga akitoka vipele vya usaha bakteria ndio wa kushukiwa mapema. Mfano huu nimeutunga ili tuwe na kitu cha kutazama pamoja, lakini kila kipande chake kimo katika maelezo ya madaktari waliowahi kukutana na hali hii: mashavu, umbo la plasta, kutokuwepo kwa homa. Kipande ambacho sijakitaja bado ni kwamba mtoto huyu amezaliwa na sindromu ya Down. Hicho kimoja kinatosha kugeuza swali. Badala ya kuuliza tumpake nini, inabidi tuulize damu yake inasemaje.

Sindromu ya Down yenyewe nitaipitia haraka, kwani wengi wanaifahamu. Binadamu wa kawaida ana kromosomu 46 katika kila chembe hai ya mwili. Mtoto huyu ana 47, kwa kuwa kromosomu namba 21 amepata tatu badala ya mbili. John Langdon Down, daktari wa Uingereza, alieleza sura na dalili zake mwaka 1866 bila kujua chanzo. Chanzo kilitangazwa Ufaransa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. (Gautier ndiye aliyeotesha chembe maabarani, na jina lake likakaa kivulini kwa miongo mingi. Hilo lina makala yake siku nyingine.) Huzaliwa mtoto mmoja hivi mwenye hali hii katika kila watoto 700 hadi 800.

Watu wakisikia kromosomu ya ziada hufikiria akili na sura, kisha moyo, kwa kuwa karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Damu hutajwa mwisho, kama itatajwa. Nami naona hapo ndipo familia nyingi huachwa gizani: wanatoka hospitali na barua ya kipimo cha moyo, lakini hakuna aliyewaambia kwamba damu ya mtoto wao nayo ina tabia zake.

Ndani ya kipele

Turudi kwenye shavu. Daktari akichukua sindano safi akatoboa kipele kimoja, akakwangua kidogo chini yake, akapaka kwenye kioo, akatia rangi na kukitazama kwa hadubini, atakachokiona kinategemea kipele ni cha nini. Vile vipele vya kawaida vinavyowatoka vichanga wengi wazima siku ya pili au ya tatu na kupotea vyenyewe vina chembe nyeupe za aina moja, zimejaa punje zinazonywa rangi ya machungwa. Vya bakteria vina chembe za usaha na bakteria wenyewe wakiwa wamekusanyika kama zabibu. Vya virusi vya herpes vina chembe kubwa za ngozi zilizoungana, zenye viini vingi.

Kwenye kioo cha mtoto wetu kuna mchanganyiko: chembe za usaha zipo, lakini katikati yake kuna chembe nyingine kubwa za mviringo. Kiini cha kila moja ni kikubwa mno hata kimeijaza chembe nzima, na ukingo mwembamba wa buluu umebaki pembeni. Baadhi zina vijinundu kwenye ukingo huo, kama maji ya uji yanavyotoa povu. Hizi ni chembe changa za damu, ambazo watu wa maabara huziita blasti. Ni mbegu za damu ambazo hazijakomaa. Mahali pake ni kiwandani, damu inakotengenezwa, zikae huko mpaka ziwe chembe nyekundu, nyeupe au chembe sahani, ndipo zitoke. Kuzikuta shavuni ni sawa na kukuta matofali mabichi yamejengewa ukuta.

Bakteria hawakuonekana, wala virusi. Kwa hiyo vipele hivi ni damu iliyovuka mipaka ikaingia kwenye ngozi.

Mbona kwenye plasta na mashavuni, na si mgongoni? Ngozi ikisuguliwa, ikichomwa sindano au ikibanduliwa plasta, hutoa ishara za kuita chembe nyeupe zije kukarabati. Kwa mtu mwenye damu ya kawaida zinakuja kidogo, zinafanya kazi, zinaondoka. Kwa mtoto ambaye damu yake imefurika chembe changa, wito ule ule unaitikiwa na umati. Uso nao ndio unaosuguliwa zaidi: kwenye njia ya uzazi, kwenye nguo, kwenye titi, kwenye plasta ya mrija wa oksijeni. Upele huu basi huchora ramani ya mahali palipoguswa. Ukiona vipele vimefuata mpaka wa plasta au vimezunguka tundu la sindano, hiyo ni dalili ya kumtajia daktari kwa maneno hayo hayo.

Harara ya joto huchagua pengine. Hupenda mikunjo ya shingo, kwapa, na mgongo uliolaliwa na kuloa jasho.

Damu yenyewe

Sasa damu inapimwa. Tanzania karatasi ya maabara itaandikwa FBP, Kenya wengi wataiita hemogramu. Ni kipimo kile kile cha kuhesabu chembe. Kichanga mzima huwa na chembe nyeupe baina ya 9,000 na 30,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Mtoto mwenye hali tunayoizungumzia anaweza kuwa na 50,000, na wako waliovuka 100,000. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaweza kuwa chache, na pengine zikawa nyingi kupita kiasi.

Hapa kuna mtego wa maabara ambao sikuujua mpaka nilipoelekezwa na mtu wa kazi hiyo. Damu ya kichanga mwenye sindromu ya Down mara nyingi huwa na chembe nyekundu ambazo bado zina kiini, na baadhi ya mashine, hasa za zamani, huziona zina kiini zikazihesabu kama nyeupe. Zaidi ya hapo, mashine nyingi hazijui kuitambua blasti; huweza kuiingiza kwenye fungu la chembe nyeupe nyingine, karatasi ikatoka na namba zinazoonekana za kawaida. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi. Lazima mtu apake tone la damu kwenye kioo, alitie rangi, akae na hadubini ahesabu kwa jicho. Kazi hiyo ni ya dakika chache, haina gharama kubwa, na ni ile ile stadi ya kutafuta malaria ambayo maabara zetu zinaijua usingizini.

Lakini kuona blasti mojamoja kusimtie mtu hofu. Watafiti wa Uingereza walipopima damu ya vichanga wengi wenye sindromu ya Down walikuta karibu wote wana blasti chache, hata wale wasio na tatizo lolote. Mtoto wa namna hii kuwa na blasti mbili tatu katika kila chembe nyeupe 100 si habari. Zikizidi 10 katika kila 100, na dalili zikiwepo, hapo ndipo hali hupewa jina lake: uzalishaji wa damu usio wa kawaida lakini wa muda, kwa kifupi cha kimataifa TAM. Hukutwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi waliozaliwa na sindromu ya Down. Ukitafuta kwa vipimo vikali vya jeni, unawakuta karibu watatu katika kumi wana alama yake, wengi wao bila dalili hata moja.

Na upele? Upele huwatoka wachache: kwa makadirio ya kawaida ni kati ya mtoto mmoja katika 20 na mmoja katika 10 ya wenye TAM. Kwa maana hiyo, ngozi safi haimaanishi damu safi. Ndiyo maana miongozo ya Marekani na ya Uingereza inataka kila kichanga mwenye sindromu ya Down apimwe damu ndani ya siku tatu za kwanza, awe na upele au asiwe nao.

Mafiga matatu

Kuna jambo lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi. Ukimpa mtaalamu wa damu kioo cha mtoto huyu bila kumwambia ni cha nani, atakuambia hii ni lukemia, saratani ya damu. Chembe zinafanana kabisa. Lakini ukimwacha mtoto bila dawa, mara nyingi chembe hizo huanza kupungua wiki hadi wiki, na akifika miezi mitatu hazipo. Vipele hukauka kwa kufuatana na kushuka kwa chembe hizo, bila kuacha kovu. Ni saratani gani inayofunga mizigo ikaondoka yenyewe?

Ili kuelewa, tuiache ngozi, tuiache na damu, twende kiwandani. Mtu mzima hutengeneza damu kwenye uboho, ndani ya mifupa. Mtoto aliye tumboni hafanyi hivyo kwa muda mrefu wa ujauzito. Kuanzia miezi ya mwanzo hadi kuelekea mwezi wa saba, kiwanda chake kikuu cha damu ni ini. Uboho hushika usukani polepole, na mtoto anapozaliwa ini linaiacha kazi hiyo na kuanza maisha yake mengine ya kushughulikia chakula na sumu.

TAM huanzia humo, kwenye ini la mtoto ambaye hajazaliwa. Inahitaji vitu vitatu kwa pamoja, na mfano unaonijia kila nikiifikiria ni mafiga. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Figa la kwanza ni ile kromosomu 21 ya ziada. Hiyo peke yake inalifanya ini la mtoto tumboni litoe kwa wingi mbegu za chembe nyekundu na za chembe sahani. Bado si ugonjwa; ni kiwanda kilichoongeza zamu.

Figa la pili ni kosa katika jeni iitwayo GATA1. Jeni hii iko kwenye kromosomu X, na kazi yake ni kuzielekeza mbegu za damu: acha kuzaliana, komaa, uwe chembe nyekundu au uwe mama wa chembe sahani. Mwaka 2002 kundi la watafiti nchini Marekani, John Crispino akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba watoto wenye sindromu ya Down waliopata lukemia ya aina fulani wote walikuwa na hitilafu katika jeni hii. Haikupita muda hitilafu hiyo hiyo ikakutwa kwa vichanga wenye TAM. Protini inayotengenezwa hutoka fupi, imekatika sehemu ya mwanzo. Bado inafanya kazi nusunusu, lakini ile amri ya kuacha kuzaliana imepwaya.

Hapa wazazi husimama na kuuliza, nani kamrithisha? Hakuna. Kosa hili hutokea ndani ya chembe moja ya mtoto mwenyewe akiwa tumboni, na chembe hiyo ikazaa nyingine zenye kosa lile lile. Mama hakula kitu kibaya, baba hakuwa na damu mbaya, na wala hakuna aliyemtupia jicho. Limewahi kuonekana hata kwa mapacha wa kufanana: chembe ya mmoja hupita kwenye kondo la nyuma ikahamia kwa mwenzake, na wote wakazaliwa na kosa moja.

Figa la tatu ni ini lenyewe, na mazingira yake ya wakati wa ujauzito: vichocheo vyake na chembe jirani zinazozilea mbegu za damu. Mtoto akizaliwa, mazingira hayo hufifia. Figa limeondolewa. Chembe zenye kosa hubaki bila mlezi na nyingi hufa. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi leo ya kwa nini ugonjwa huu hujiondokea.

Kama kuna mtu anadhani mafiga haya ni hadithi tu ya kupendeza, kuna ushahidi uliotoka Brazil. Mwaka 2006 ilielezwa familia ambayo wanaume kadhaa wake walirithi hitilafu ya GATA1 inayotoa protini fupi ile ile. Hawakuwa na sindromu ya Down. Walikuwa na upungufu wa damu, lakini lukemia hawakupata, wala TAM. Figa la pili lilikuwepo, la kwanza likakosekana, chungu hakikukaa.

Wasiojiondokea salama

Kusema "itaisha yenyewe" ni kweli kwa walio wengi, na ni maneno hatari yakisemwa mapema. Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 20 hivi ya vichanga wenye TAM ya dhahiri hufariki katika miezi ya mwanzo, ingawa si wote huuawa na damu. Wengine huwa na moyo mbovu au wamezaliwa njiti.

Anayeua zaidi ni ini. Chembe changa zilizojazana humo ni za ukoo wa chembe sahani, na ukoo huo hubeba vichocheo vinavyoamsha utengenezaji wa nyuzi za kovu. Ini hukakamaa, njia za nyongo hubanwa, na mtoto hugeuka manjano. Sasa, manjano kwa vichanga ni jambo la kila siku na akina mama wameshazoea kuambiwa "mtoe nje apate jua la asubuhi". Manjano haya ni mengine. Yaangalie kwenye nepi: choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi au chokaa, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, jua halitasaidia kitu. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni tumbo kubwa lililokaza, kwa sababu ya ini na wengu kuvimba, kupumua kwa taabu, kuvimba mwili, na kutoka damu.

Wanaohitaji matibabu hupewa sitarabini kwa dozi ndogo, kwa siku chache. Ni dawa ya saratani, na nafahamu jinsi neno hilo linavyoangukia kwenye masikio ya mzazi wa mtoto wa wiki mbili. Inawasaidia kwa sababu chembe hizi, kwa ajili ya zile zile hitilafu zake, ni dhaifu mno mbele ya dawa hiyo. Dozi ambayo isingemtikisa mgonjwa mwingine wa lukemia hapa hufagia. Asiye na hatari haipewi. Anaangaliwa tu, na damu yake inapimwa tena na tena.

Vipele vyenyewe havihitaji dawa yoyote. Hapa nisieleweke vibaya: mtoto wa siku nne mwenye malengelenge au vipele vya usaha bado ni mgonjwa wa haraka mpaka ithibitishwe vinginevyo. Herpes kwa kichanga huua, na kaswende ya kuzaliwa nayo huweza kutoa malengelenge viganjani na nyayoni. Daktari mwangalifu ataanza dawa za maambukizi huku anasubiri majibu, kisha azisimamishe ikionekana hazina kazi. Kitu kisichofaa ni kukaa wiki tatu mkibadilisha tyubu za dawa ya kupaka, au kukamua vipele, au kuvipaka mafuta ya karafuu na majivu. Kumbuka ngozi ya mtoto huyu huitikia kila mchubuko kwa kutoa vipele vipya.

Jambo la rangi ya ngozi. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, ambapo vipele vimezungukwa na duara jekundu. Kwenye ngozi yetu duara hilo huwa la zambarau iliyokoza au la kijivujivu, na pengine halionekani kabisa. Unachokiona ni kichwa cheupe na kigaga. Chembe sahani zikipungua, huja pia vidoa vidogo vya damu chini ya ngozi, ambavyo ukivibonyeza havififii. Kwa mtoto mweusi vitafute kwenye nyayo, viganja na ndani ya mdomo, mahali ambapo rangi ni nyepesi.

Upele unaofichua

Kuna watoto ambao kromosomu ya ziada imo katika sehemu tu ya chembe zao. Sura inaweza isiseme chochote: macho ya kawaida, misuli imekaza vizuri, kiganja hakina mstari mmoja uliokatiza. Wakunga na madaktari hawaoni cha kushuku, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Kisha vinatoka vile vipele mashavuni, damu inapimwa, blasti zimejaa, na uchunguzi wa kromosomu unaonyesha 47 kwenye chembe hizo. Imewahi kutokea upele ukawa ndio dalili ya kwanza iliyomfanya daktari aulize habari ya sindromu ya Down kwa mtoto ambaye kila mtu alimwona wa kawaida. Kwa hiyo kichanga mwenye vipele vya namna hii na blasti kwenye damu anastahili kupimwa kromosomu, hata kama sura yake haikuonyesha kitu.

Na hata sindromu ya Down iliyo kamili si kila mara hutambuliwa siku ya kwanza. Uso wa mtoto umevimba kwa uchungu wa kuzaliwa, wodi imejaa, mama anaruhusiwa baada ya saa 24. Ikitambuliwa wiki ya tatu, kipimo cha damu bado kina maana. Dirisha limepungua tu upana.

Miaka minne

Tuseme mtoto wetu alikuwa miongoni mwa wengi. Chembe nyeupe zimeshuka, vigaga vimeanguka wiki ya sita, shavu limerudi laini. Familia inapumua. Kwa mtazamo wa kila mtu upele umepona, na ni rahisi kuiona faili imefungwa.

Lakini katika kila watoto kumi waliokuwa na TAM, wawili hadi watatu watapata lukemia halisi kabla ya kutimiza miaka minne, na hii haiondoki yenyewe. Kinachotokea ni kwamba zile chembe zenye GATA1 mbovu hazikufa zote. Chache zilibaki zimejificha, na mojawapo ikaja kupata kosa la pili katika jeni nyingine, kwa mfano zile zinazosimamia jinsi kromosomu zinavyoshikana wakati chembe inajigawa. Kosa hilo la pili huiwezesha kuishi kwenye uboho, bila kulihitaji ini tena. Imepata figa jingine.

Madaktari walijaribu kuwapa vichanga sitarabini mapema wakitumaini kuzima kabisa mbegu hiyo. Waliokuwa wagonjwa sana ilipunguza vifo vyao, ila haikuonekana kuzuia lukemia ya baadaye. Kinachobaki ni kufuatilia: damu kila baada ya miezi mitatu hivi kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi sita hadi afikishe minne.

Lukemia hii mara nyingi haiingii kwa kishindo. Hutangulia chembe sahani kupungua taratibu kwa miezi kadhaa. Mzazi ataona michubuko ya buluu mahali ambapo mtoto hakuanguka, damu za pua, weupe wa viganja na ulimi, homa za kurudiarudia. Kwa mtoto anayejifunza kutembea michubuko ya magoti na paji la uso ni haki yake. Ya mgongoni na tumboni ndiyo ya kuuliza.

Ikigundulika, habari yake ni nzuri kuliko lukemia nyingi za utotoni za ukoo huo. Kwa tiba inayopatikana katika hospitali zenye uwezo, zaidi ya watoto wanane katika kumi hupona, na hupona kwa dozi zilizopunguzwa, kwa sababu ya udhaifu ule ule wa chembe hizi mbele ya sitarabini. Dozi kamili ya watoto wengine huwaletea hawa madhara kuliko faida, hivyo daktari wa saratani lazima ajue tangu mwanzo kwamba mgonjwa ana sindromu ya Down na kwamba aliwahi kuwa na TAM.

Atajuaje, kama mtoto alizaliwa wilayani, akatibiwa mkoani, na sasa familia imehamia mji mwingine? Kwa kadi ya kliniki. Kabla ya kutoka wodini, mzazi amwombe daktari aandike kwenye kadi hiyo, kwa wino na si kwa mdomo: "Sindromu ya Down. TAM, pamoja na upele. Blasti asilimia kadhaa, tarehe fulani. FBP na kioo kila miezi mitatu." Kadi nyingi zina ukurasa wa nyuma usio na kitu.